Feni za kompyuta na vumbi la Katavi

Feni ya kompyuta ya mezani haitengenezi ubaridi, inahamisha joto. Hewa ya chumbani huvutwa ndani ya kasha, hupita kwenye mapezi ya alumini yaliyokaa juu ya prosesa, hubeba joto na kutokea nyuma. Kwa hiyo ubora wa feni hupimwa kwa hewa ya mahali ilipo. Mjini Mpanda, mkoani Katavi, hewa hiyo ni nyepesi, na kuanzia Mei hadi Oktoba imejaa vumbi.

Wepesi huo unatokana na mwinuko. Mji uko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 10 ikilinganishwa na ya Dar es Salaam. Feni husukuma ujazo uleule, ila joto linalobebwa hupungua kwa kiasi hicho. Kompyuta inayotoa joto la wati 200 inahitaji karibu lita 20 za hewa kila sekunde ili hewa itoke ikiwa imepanda nyuzi 10 tu. Hata adhuhuri ya Oktoba, ndani ya steshenari iliyoezekwa bati bila dari, hilo linawezekana. Prosesa nyingi za kisasa huanza kujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100, na kutoka hewa ya chumbani hadi hapo bado kuna nafasi kubwa.

Nafasi hiyo huliwa na vumbi. Likichanganyika na moshi wa mbuga zinazochomwa kiangazi, hushikana kati ya mapezi kama blanketi, na hewa ikakosa njia. Katika hali hiyo feni mpya ya bei kubwa haisaidii kitu. Ndiyo maana fundi makini huanza na bloa, huku ameshikilia mapanga ya feni yasizunguke kupita kiasi na kuharibu beringi. Kisha hufuta pesti iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Mara nyingi kazi huishia hapo, na fedha ya feni hubaki mfukoni.

Ikibidi kubadilisha, heri feni kubwa inayozunguka polepole kuliko ndogo inayolia. Kuongeza kasi ya feni kwa robo kunaongeza hewa kwa robo, lakini umeme unaotumika hukaribia kuongezeka mara mbili, na kelele hupanda. Kasha lenye nafasi ya milimita 120 lisifungwe feni ya 80. Jambo la pili ni ekseli: feni ya bushi ni rahisi kununua, ila mafuta yake hukauka kwa joto na kugeuka tope yakikutana na vumbi. Kwa Katavi, ya beringi inastahili bei yake. Plagi ya pini 4 huiwezesha kompyuta kupandisha na kushusha kasi kulingana na joto. Ya pini 3 hudhibitiwa kwa kubadilisha volti, na si kila mazabodi hufanya hivyo.

Mashine za mtumba zinahitaji tahadhari. Dell OptiPlex kadhaa zina plagi ya pini 5 isiyolingana na feni za kawaida, na kompyuta isipoiona feni yake hutoa onyo kila inapowashwa. Plagi ikaguliwe kabla ya kununua.

Mpangilio ndio unaoamua vumbi liingie wapi. Upande wenye mikono inayoshika mota ndiko hewa inakotokea. Feni mbili zikiingiza hewa mbele na moja ikiitoa nyuma, shinikizo la ndani huzidi la nje, na mianya ya kasha hutoa hewa badala ya kunyonya vumbi. Mlango wa kuingilia unabaki mmoja, nao huwekewa chujio jepesi linaloweza kuoshwa. Kasha nalo liinuliwe kutoka sakafuni, maana fagio la asubuhi hutimua vumbi mpaka kimo cha goti. Kiangazi chujio hilo lioshwe kila wiki. Mvua za Novemba zikishashika, mara moja kwa mwezi inatosha.