Rubani Akizirai Angani

Ndugu zetu wa Tarime na Serengeti wamezoea kuona ndege ndogo zikipita juu ya mashamba yao kuelekea kiwanja cha Seronera. Ndege za namna hiyo zaweza kuendeshwa na rubani mmoja tu. Je, rubani huyo akizirai angani, abiria afanye nini?

Wako watakaosema kwamba hapo hakuna dawa ila kufa. Sisi hatukubaliani nao. Tarehe 10 Mei, 2022, rubani wa Cessna Caravan, aina ile ile itumikayo Seronera, alizidiwa na ugonjwa karibu na pwani ya Florida, Marekani. Abiria Darren Harrison, asiyejua kurusha ndege, aliikuta ikishuka kwa kasi. Akauvuta usukani polepole hata ikanyooka, kisha akaomba msaada kwa simu ya upepo. Mwongozaji wa ndege, Robert Morgan, aliyekuwa pia mwalimu wa urubani, alimwelekeza hatua kwa hatua mpaka akatua salama Palm Beach. Rubani naye alipona.

Katika habari hii twaona mambo matatu.

Kwanza ni utulivu. Rubani aondolewe juu ya usukani, mabawa yawekwe sawasawa na upeo wa macho, na pasiwe na kuvuta kwa pupa.

Pili ni kusema. Vaa visikizio, bonyeza kitufe cha simu kwenye usukani, taja shida yako. Usipojibiwa, masafa ya dharura ni 121.5. Katika mbuga pana kama Serengeti huenda mnara wa mbali usikusikie, lakini rubani wa ndege nyingine aweza kukusikia na kupeleka habari.

Tatu ni kutii. Usikimbilie kutua penye kiwanja kifupi, cha changarawe, kinachoweza kukatizwa na wanyama. Huenda ukaelekezwa Mwanza, penye lami ndefu. Mwendo usipungue mno, kwani ndege ikikosa mwendo huanguka. Ukikaribia ardhi, punguza nguvu za mtambo na inua pua kidogo, ili magurudumu ya nyuma yatangulie kugusa. Breki ziko sehemu ya juu ya kanyagio za miguuni.

Hatusemi kwamba kila atakayejaribu atafaulu. Anga la Serengeti halina mzaha: tarehe 10 Januari, 1959, Michael Grzimek, rubani mzoefu, alikufa huko baada ya ndege yake kugongana na tumbusi. Lakini anayejua kitufe cha simu kilipo ana tumaini kuliko asiyejua.

Kwa hiyo twawaomba wenye ndege: kabla ya kuruka, rubani amwonyeshe abiria wa mbele kitufe hicho. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja, wala haina gharama. Na wewe mfanyakazi ukipewa kiti hicho, usione haya kumwuliza rubani. Kuuliza si ujinga.