MAFUNGU YA NYUMBA YAANDIKWE KABLA YA KUKOPA UPYA

Ndugu na dada wa vikundi vya mwethya,

Tuseme mume na mke hapa Machakos wana ploti yenye nyumba. Taito ina majina mawili na iko benki, kwa sababu deni la zamani halijaisha. Sasa wanataka mkopo mkubwa zaidi wajenge vyumba vya kukodisha. Mama anasema, "Mimi ndiye nimelipa sana. Mbona fungu langu lisiongezwe?" Swali lake ni la haki. Basi wafanyeje?

Kwanza, wajue taito inasemaje. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 ina njia mbili. Ya kwanza ni kumiliki pamoja bila mafungu: mmoja akifa, yote hubaki kwa mwenzake. Ya pili ni kumiliki kwa mafungu, kama nusu kwa nusu. Hapa mmoja akifa, fungu lake huenda kwa warithi wake. Kama wako katika njia ya kwanza, hakuna fungu la kuongeza. Itabidi watie sahihi wote wawili kuvunja umiliki huo, nao huandikishwa kwa mafungu sawa. Halafu mmoja anaweza kumpa mwenzake sehemu ya lake.

Pili, wafuate utaratibu. Benki inayoshika taito lazima ikubali kwa maandishi. Kwa hiyo wamwambie wakili na benki mapema, kabla ya kuandikisha mkopo mpya, ili karatasi zote ziende pamoja. Waulize pia gharama, pamoja na ushuru wa stempu. Ikiwa ni shamba la kilimo, ruhusa ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi inahitajika, na ombi lipelekwe katika miezi 6 tangu kupatana. Bila ruhusa hiyo, mapatano ni bure.

Tatu, na hapa wengi huumia: deni haligawanywi kama mafungu. Kwa kawaida kila aliyetia sahihi hudaiwa deni lote. Mwenye robo anaweza kupoteza robo yake kwa ajili ya deni ambalo mwenzake ameshindwa kulipa. Kwa hiyo usiweke sahihi ati kwa sababu fungu lako ni dogo.

Ikiwa ni nyumba ya ndoa, haiwezi kuwekwa rehani bila mwenzi kukubali, hata kama jina lake halimo kwenye taito. Malipo yakikwama, benki hutoa notisi ya miezi 3, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Barua hizo msifichane. Siku hizo ndizo za kwenda kuongea na benki.

Mkikutana mwezi huu, kila mmoja ajiulize: taito ya kwetu ina majina ya nani, na kwa mafungu gani? Asiyejua aende ofisi ya ardhi afanye sachi. Ni afadhali kuulizana leo mkiwa mnaelewana kuliko kuulizana mbele ya dalali.