Kwa nini maji huiacha nguzo ya mviringo kabla ya kufika nyuma

MAJI ya mto yanapokutana na nguzo ya mviringo hayaizunguki hadi nyuma, kama wengi wanavyodhani. Hufika ubavuni yakaiacha, na nyuma yake hubaki maji yanayozunguka, mengine yakirudi kinyume cha mkondo.

Jambo hilo lina uzito wake katika Bonde la Msangano, wilayani Momba, mkoani Songwe, ambako Mto Momba hupita ukielekea Ziwa Rukwa. Ndio mto unaovukwa kwa Daraja la Momba, kati ya Kamsamba na Kilyamatundu mkoani Rukwa.

Mwaka 1904, mwanasayansi wa Ujerumani, Ludwig Prandtl, alieleza sababu yake. Alitumia mfereji mdogo ambao maji yake yalisukumwa kwa gurudumu la kuzungushwa kwa mkono, akatia humo chembe za madini yanayong'aa ili mwendo wa maji uonekane.

Tabaka jembamba la maji linaloigusa nguzo hupunguzwa kasi na msuguano. Upande wa mbele, mgandamizo hupungua kadiri maji yanavyoelekea ubavuni, hivyo tabaka hilo husukumwa mbele. Likipita ubavuni hukuta mgandamizo unaongezeka. Kwa kuwa limekwisha kuchoka, husimama, hugeuka na kujitenga na nguzo.

Anayetaka kushuhudia hahitaji maabara. Anyunyize pumba za mpunga juu ya maji yaliyotulia katika karai, kisha aburute polepole chupa iliyosimama wima. Pumba za nyuma zitaifuata chupa zikijizungusha, mara upande huu, mara ule. (Karai ni salama kuliko mto, hasa wakati wa masika.)

Chini ya mto hali huwa nzito zaidi. Maji yanayoigonga nguzo kwa mbele huteremka hadi sakafuni, yakajiviringisha kuzunguka kitako chake kwa umbo la kwato, yakichimba mchanga. Yale yanayozunguka nyuma huunyanyua na kuusafirisha. Shimo linalotokea linaweza kuuacha msingi bila kitu cha kuushikilia, huku daraja juu likionekana zima.

Tatizo kwa wakaguzi ni kwamba mafuriko yakipungua, mchanga mpya huweza kulijaza shimo hilo. Anayekagua kiangazi hukuta sakafu ya mto ikiwa tambarare, ingawa mchanga uliojaa hapo haujashikamana kama ule uliochukuliwa na maji.