Je, Wajua? Seli Haigawanyiki Bila Ruhusa

Je, wajua kwamba mchumaji chai wa Bumbuli, Usambara, huziamsha seli zilizolala? Tazama vidole vyake: anakata majani mawili na chipukizi, anatupia kikapuni mgongoni. Ile ncha aliyoikata ndiyo iliyokuwa ikitengeneza auksini, homoni inayoteremka shinani na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Ikishaondoka, homoni nyingine, sitokinini, inapata nguvu, na seli za macho yale zinaanza tena kugawanyika. Baada ya wiki moja au mbili mchumaji huyo yuko kwenye mstari uleule. Mchai ukiachwa ujiendee, unakuwa mti, na kiwanda cha chai kinakosa cha kusindika.

Je, wajua kwamba seli hukaguliwa njiani? Kabla ya kunakili DNA: imekua vya kutosha? Chakula kipo? Kabla ya kugawanyika: nakala imekamilika? Kromosomu moja tu ikiwa bado haijashikwa na nyuzi za kuivuta, zote zinasubiri.

Je, wajua saa ya kazi hiyo? Ni protini ziitwazo siklini. Mwingereza Tim Hunt aliziona mwaka 1982 kwenye mayai ya shokomzoba, yule wa baharini mwenye miiba: zinajaa polepole, kisha zinabomolewa ghafla kila seli inapogawanyika.

Je, wajua kwamba swichi kuu ya seli, jeni inayoiamuru igawanyike, ilichunguzwa kwa hamira ya pombe yetu? Mjerumani Paul Lindner aliieleza hamira hiyo mwaka 1893, ikiwa imetoka kwenye pombe ya Afrika Mashariki, na kitaalamu inaitwa Schizosaccharomyces pombe mpaka leo. Mwaka 1987 Paul Nurse na Melanie Lee walionyesha kwamba jeni ya binadamu inaweza kushika nafasi ya swichi ya hamira hiyo, nayo ikaendelea kugawanyika kama kawaida. Nurse, Hunt na Mmarekani Leland Hartwell walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 kwa uchunguzi wa kugawanyika kwa seli.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo wa 1893 ua la Usambara lilipewa jina Saintpaulia? Chomeka jani lake moja kwenye udongo wenye unyevu: seli zilizokwisha kukomaa zinarudi kazini, mmea mzima unatoka.

Na dawa nyingi za saratani? Hupiga seli zinazogawanyika haraka. Nywele za mgonjwa hunyonyoka kwa sababu seli za mashina yake nazo zina haraka hiyohiyo.