Je, Wajua? Kabla ya Kumzawadia Mtoto Panya

Je, wajua kwamba Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, panya amekuwa zawadi tangu zamani? Panya wa shambani, ambaye kusini wengi humwita samaki nchanga, hukaushwa au hubanikwa na kuandaliwa mgeni anayeheshimiwa. Ni kitoweo, wala hakuna sababu ya kukionea haya. Ila jambo hili linamhusu sana anayetaka kumpelekea mtoto panya wa kufuga: katika nyumba nyingi za huku panya ana nafasi yake tayari, na nafasi hiyo ni chunguni. Zungumza na wenye nyumba mapema, kabla mtoto hajampa mnyama wake jina.

Je, wajua wa kuzungumza naye ni nani? Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na neno la mjomba juu ya watoto wa dada yake lina uzito. Mama naye ndiye atakayebaki na usafi wa tundu mtoto akienda shule. Waulize wote wawili. Fedha za korosho huanza kuingia Oktoba, watoto wanatoka jandoni na unyagoni wakati wa likizo, na kila ndugu anatafuta kitu cha kumtunza mwali. Kanga, madaftari, baiskeli, hata kuku: hivi hupokelewa bila maandalizi. Panya wa kufuga anahitaji tundu, chakula na mtu wa kumwangalia kuanzia usiku ule ule wa kwanza.

Je, wajua kwamba panya mweupe na panya buku wana tabia zinazopingana? Panya mweupe ametokana na panya wa kahawia aliyeanza kufugwa Ulaya katika karne ya 19. Mjini London, Jack Black, mtega panya wa enzi za Malkia Victoria, aliwatenga wale wenye rangi zisizo za kawaida akawazalisha na kuwauza. Panya huyo huishi miaka 2 au 3 tu, na hapendi upweke: akikaa peke yake hunyong'onyea. Panya buku ni wa Afrika. Ana mifuko mashavuni ya kubebea chakula, uzito wake hufika kilo moja na kuzidi, na akitunzwa vizuri huishi miaka 6 hadi 8. Yeye anataka shimo lake mwenyewe. Kwa hiyo anayetoa zawadi ya panya mweupe mmoja amemtesa kwa ukiwa, na anayefungia panya buku madume wawili katika tundu moja amewaandalia vita.

Je, wajua kwamba jike wa panya mweupe anaweza kuanza kushika mimba akiwa na umri wa wiki tano au sita, hubeba mimba kwa siku 21 hadi 23, na mara nyingi huzaa watoto 8 hadi 12? Ukitoa wawili, toa wa jinsia moja.

Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote. Asipopata kitu kigumu cha kutafuna, yatamzuia kula.

Panya hawezi kutapika. Akila sumu au chakula kilichooza, hana njia ya kukitoa, na hii ndiyo sababu mtoto afundishwe mapema kwamba mabaki ya jikoni hayatupwi ovyo tunduni.

Je, wajua kwamba panya hucheka akitekenywa? Sauti yake ni ya juu mno kwa sikio la binadamu, lakini vyombo vinainasa. Mtafiti Jaak Panksepp aliionyesha katika miaka ya 1990. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha jambo linalonigusa zaidi: panya aliyemwona mwenzake amefungiwa kwenye kijumba chembamba alijifunza kufungua mlango na kumtoa. Hata palipowekwa chokoleti kando, wengi walimfungulia mwenzao na kumwachia sehemu ya utamu ule. Kiumbe wa namna hii hastahili kusahauliwa uani baada ya sherehe kwisha.

Je, wajua kwamba panya hatoi jasho kama sisi? Sehemu ya joto lake huitoa kupitia mkia. Masasi mwezi Novemba, kabla mvua hazijashika, tundu lililowekwa chini ya bati lisilo na dari linaweza kumuua mchana mmoja. Liwekwe penye kivuli na hewa, na maji yasikauke.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningeomba kila mzazi wa kusini alisome mara mbili. Je, wajua kwamba Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa homa ya mgunda katika wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi? Wagonjwa walikuwa 20, na watatu kati yao walifariki. Ruangwa si mbali na Masasi. Vimelea vya homa hiyo hukaa kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwa miongoni mwao, na huingia mwilini kupitia mchubuko, macho au mdomo, au kwa kugusa maji na udongo uliochafuliwa. Mtoto anayefukua shimo kwa mikono mitupu na kurudi nyumbani na panya mfukoni amejiweka mahali pabaya. Panya wa porini asitolewe kuwa wa kuchezea, hata akiwa mdogo na mzuri kiasi gani. Na anayemshika panya yeyote anawe kwa sabuni, kila mara.

Moto unaowashwa kuwatoa panya mashimoni nao ni hasara nyingine. Umeshawaunguzia watu mikorosho ambayo waliihudumia kwa miaka mingi.

Je, wajua kwamba ndugu wa panya buku wetu aliwahi kuishtua Marekani nzima? Aprili 2003 shehena ya wanyama wadogo wapatao 800 kutoka Ghana ilifika Texas kwa ajili ya biashara ya wanyama wa kufugwa nyumbani. Ndani yake walikuwamo panya buku wa Afrika Magharibi. Baadhi ya wanyama hao walikuwa na virusi vya mpox. Kwa muuzaji mmoja wa jimbo la Illinois waliwekwa karibu na wanyama wengine wa jamii ya kindi, nao wakaambukizwa, wakauzwa, wakaingia majumbani mwa watu na kwenye mikono ya watoto. Watu 47 katika majimbo sita walihesabiwa kuwa wagonjwa au wagonjwa wa kudhaniwa. Hakuna aliyekufa, lakini Juni mwaka huo serikali ilipiga marufuku kuingiza panya wa Afrika. Huko Florida, panya buku waliotoka kwa mfugaji walizaliana porini katika kisiwa cha Grassy Key, na idara za wanyamapori zimehangaika miaka mingi kuwamaliza. Wengi walionunua wanyama wa namna hiyo walidhani wanapeleka furaha nyumbani.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na anayemiliki mnyama anawajibika kwa hali yake. Mnyama wa porini ana taratibu zake za ziada chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Waulize watu wa maliasili wilayani kabla hujamtia panya buku ndani.

Je, wajua kwamba unaweza kumzawadia mtu panya buku bila kumtoa anakoishi? Shirika la APOPO, lililoanzishwa mwaka 1997 na Mbelgiji Bart Weetjens, linafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vitu vingine katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Panya huanza mafunzo wakiwa na wiki chache tu, na malipo yao ni ndizi na karanga. Mtu hulipia matunzo ya panya mmoja kwa jina la ampendaye, anayezawadiwa anapata cheti na habari za panya wake, na panya anabaki na walezi wanaomjua. Sijaona njia bora ya kumpa mtu panya.

Panya hao ni wepesi kiasi kwamba wakikanyaga bomu la ardhini halilipuki. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi, ambalo mtu mwenye kifaa cha kunasa chuma hulimaliza kwa siku nne, panya hulikagua kwa nusu saa. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, bonde la Ruvuma na ardhi ya Msumbiji viko mbele yako: nchi ile ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu yaliyojulikana tarehe 17 Septemba 2015, na panya waliofunzwa Morogoro walikuwa kazini humo.

Magawa, mzaliwa wa Morogoro, alipewa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, akiwa panya wa kwanza kuipata. Ronin, naye mzaliwa wa Tanzania, ameshampita: kufikia 2025 alikuwa amegundua mabomu 109.

Wengine hunusa makohozi yenye kifua kikuu, sampuli 100 kwa dakika 20.

Na wengine, Wamakonde wenzangu, wamefundishwa kunusa mpingo unaofichwa ndani ya shehena, pamoja na pembe za ndovu na magamba ya kakakuona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Kama kuna mtoto anayelilia panya na nyumba haiko tayari, mtafutie mchongaji amchongee mmoja wa mpingo, mashavu yakiwa yamejaa karanga.