Mkate wa Kitunguu Saumu, Bila Oveni na Kwa Oveni

Mkate wa kitunguu saumu ni mkate wa ngano uliokwisha kuiva, ukapakwa siagi iliyochanganywa na saumu iliyopondwa, kisha ukarudishwa motoni mpaka siagi iingie ndani na juu papate ukoko. Asili yake ni Italia. Wakulima wa Toscana walibanika vipande vya mkate kwenye makaa, wakavisugulia punje ya saumu, wakamiminia mafuta mapya ya zeituni. Siagi ilishika nafasi ya zeituni kwa wahamiaji wa Kiitalia waliokwenda Marekani, na mkate huo wa siagi ndio ulioenea duniani pamoja na piza na tambi.

Dar es Salaam, chakula hiki kinajulikana zaidi mezani mwa migahawa ya piza ya Masaki, Oysterbay na Msasani, na wengi hukichukulia kuwa cha kuagizwa, si cha kupikwa nyumbani. Dhana hiyo haina msingi. Saumu, siagi, mkate na majani ya giligilani hupatikana katika soko la Namanga pale Msasani au duka lolote la mtaani Kinondoni na Temeke. Oveni pia si lazima, kama itakavyoonekana. Kinachotakiwa kueleweka vizuri ni saumu yenyewe.

Punje ya saumu ikiwa nzima haina harufu kali. Ndani yake mna kemikali iitwayo alini, na mahali pengine ndani ya punje hiyohiyo kuna kimeng'enya kiitwacho aliinesi. Viwili hivi hutengwa na kuta nyembamba. Kisu kikipita au mchi ukishuka, kuta hupasuka, alini na kimeng'enya hukutana, na kwa muda mfupi sana huzaliwa alisini, ambayo ndiyo yenye ule ukali unaopanda puani. Kwa hiyo saumu iliyotwangwa kwenye kinu kidogo huwa kali kuliko iliyokatwa vipande, na iliyokatwa huwa kali kuliko ile iliyotupwa nzima ndani ya sufuria. Joto nalo huua kimeng'enya. Saumu ikiwekwa motoni kabla ya kupondwa haitatoa tena nguvu yake yote hata ikipondwa baadaye. Utaratibu unaofaa basi ni kuitwanga kwanza pamoja na chumvi kidogo, ambayo huzuia punje zisiteleze na kuzisaidia kulainika, halafu kuiacha dakika 5 hadi 10 kabla ya kuichanganya na siagi.

Sokoni kuna saumu za aina mbili. Za kienyeji, nyingi zikitoka Mbulu mkoani Manyara, na nyingine milima ya Lushoto na nyanda za Iringa na Njombe, zina punje ndogo, ganda gumu kulimenya na ukali mwingi. Zile nyeupe kubwa kwa kawaida hutoka China, nchi inayozalisha saumu nyingi kuliko zote duniani. Hizo humenyeka upesi lakini ni pole zaidi. Kwa mkate huu ya kienyeji ni bora, na kazi ya kumenya hupungua punje zikilowekwa kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika chache. Punje iliyoanza kuchipua ipasuliwe katikati na kile kiini cha kijani kitolewe, kwa kuwa kina uchungu.

Kuhusu siagi, jina hilo mitaani hubeba vitu viwili tofauti: siagi halisi ya maziwa na majarini ya kopo. Siagi halisi ina mafuta kiasi cha asilimia 80, maji, na mabaki ya maziwa ambayo ndiyo huupa mkate rangi ya dhahabu na harufu nzuri. Majarini laini za kupaka mara nyingi zina maji mengi zaidi, na maji hayo huulegeza mkate badala ya kuukausha. Zinafaa kama hakuna kingine. Jambo ambalo halijaribiwi vya kutosha ni kuchanganya nusu siagi na nusu samli. Samli haina maji wala mabaki ya maziwa, haiungui upesi, na ladha yake inaafikiana na saumu kana kwamba vilikusudiwa kuwa pamoja.

Siagi huyeyuka ikifika nyuzi joto 32 hadi 35. Miezi ya Desemba hadi Machi, jikoni Msasani mchana joto huwa karibu na hapo, hivyo siagi iliyotolewa kwenye friji huhitaji muda mfupi tu kulainika. Ikisahaulika mezani hugeuka mafuta, na mafuta hayo hushuka yote chini ya mkate yakaacha juu pakavu. Inayotakiwa ni siagi laini ya kupakika, isiyotiririka.

Kwa mkate mmoja wa boflo, gramu 100 za siagi zinatosha. Huongezwa punje 4 au 5 kubwa za saumu, au hata 10 zikiwa ndogo za kienyeji, vijiko 2 vya chakula vya giligilani iliyokatwakatwa, matone machache ya limau, na robo kijiko cha chai cha chumvi ikiwa siagi haina chumvi. Wapendao pilipili huongeza pilipili manga iliyosagwa. Jibini iliyokwaruzwa ni nyongeza tu.

Boflo ndio mkate unaofaa hasa, kwa sababu umetengenezwa kwa unga, maji, hamira na chumvi bila mengi ya ziada, na una ganda. Mkate wa slesi wa kiwandani una sukari, nayo hufanya uso ushike rangi na kuungua kabla saumu haijaiva. Ukitumiwa, moto upunguzwe. Mkate wa jana una faida kuliko wa leo. Mkate hukakamaa kwa sababu wanga wake hujipanga upya na kuwa mgumu, hali ambayo hulegea tena ukipashwa kupita nyuzi 60 hivi. Boflo lililokataliwa asubuhi kwa ugumu hurudi kuwa laini ndani jioni likiokwa na siagi. Mkate wenye ukungu, ambao katika unyevu wa pwani huja upesi, ni wa kutupwa wote, si kukatwa sehemu iliyoharibika.

Boflo hukatwa vipande vya unene wa sentimita 2 bila kisu kufika chini, ili mkate ubaki umeshikana. Siagi hupakwa katikati ya kila mpasuo, na inayosalia juu. Penye oveni, mkate hufungwa kwenye karatasi ya foili na kuwekwa katika nyuzi 180 kwa dakika 10 hadi 12, kisha karatasi hufunuliwa na mkate kuachwa dakika 3 au 4 za kukausha juu. Hatua hizi mbili zina sababu. Ukiwa umefungwa, mvuke huiivisha saumu taratibu ndani ya mafuta. Ukiwa wazi, uso hupata ukoko. Ukiwekwa wazi tangu mwanzo, saumu ya juu huungua, na saumu iliyoungua huwa chungu kiasi cha kuharibu mkate mzima.

Pasipo na oveni, njia ni ileile ya mkate wa kumimina na keki za nyumbani: moto juu na chini. Sufuria nzito huwekewa tabaka la mchanga safi au vijiwe, ikafunikwa na kupashwa kama dakika 10 juu ya jiko la mkaa. Mkate uliofungwa huingizwa ukiwa kwenye sahani ya bati juu ya mchanga. Mkaa mchache hubaki chini, na mwingi hupaliwa juu ya mfuniko. Mkate ukishapata moto, karatasi hufunuliwa, mfuniko hurudishwa na makaa yake, na mpishi hasogei mbali, kwani hapo dakika moja inatosha kuugeuza kuwa mweusi.

Kwa jiko la gesi hata sufuria ya mchanga haihitajiki. Vipande hukatwa kabisa, hupakwa siagi upande mmoja na kupangwa kwenye kikaango kikavu cha chuma kizito, moto mdogo, dakika 2 upande usiopakwa. Kisha hugeuzwa, upande wa siagi ukalala chini, na kikaango hufunikwa kwa dakika 1 hadi 2. Havifikii ulaini wa ndani wa mkate uliofungwa, lakini kwa chakula cha jioni cha haraka vinaridhisha.

Mkate huu huliwa ukiwa moto. Piza na tambi ni wenziwe wa mgahawani, lakini Msasani, ambako boti za wavuvi bado hushusha samaki ufukweni, umepata mwenzi bora zaidi: mchuzi wa kamba wa nazi, supu ya pweza au supu ya samaki yenye ndimu. Wakati wa Ramadhani hukaa vizuri kwenye futari kando ya supu.

Siagi ya saumu iliyobaki hukaa kwenye friji siku chache, au hugandishwa kwenye friza kwa wiki kadhaa ikiwa imefungwa. Isiachwe kabatini, na saumu mbichi iliyolowekwa kwenye mafuta isiachwe kabisa katika joto la chumba. Ndani ya mafuta hewa haifiki, na hali hiyo huwapa nafasi bakteria wanaotoa sumu ya botulinamu, ambayo haionyeshi dalili kwa harufu wala kwa ladha. Mwaka 1985, watu 36 waliugua kwa sababu ya saumu iliyohifadhiwa hivyo kwenye mgahawa mmoja mjini Vancouver, Kanada. Katika joto la Dar es Salaam, ambako umeme unaweza kukatika na friji ikapoteza ubaridi kwa saa nyingi, ni salama zaidi kutwanga saumu ya kutosha mkate wa siku hiyo tu.