Pesa ya China Inakwenda Wapi? Jua Kabla Hujaagiza Mzigo

Leo somo ni refu kidogo, ila lisome mpaka mwisho maana linagusa mtaji wako.

Naanza na hasara yangu. Kuna kipindi nilichukua mkopo wa kikoba, shilingi 800,000, nikaagiza pampasi za watoto kutoka Guangzhou. Hesabu kwenye daftari ilikuwa tamu. Mzigo ukaja kwa meli, nikalipia CBM, nikapiga picha, nikapost. Mteja wa kwanza akaniandikia: "Dada, mbona hapa mtaani naipata kwa bei ya chini?" Nikadhani ananipunja. Kwenda Kariakoo kuulizia, nikakuta katoni za pampasi zimeandikwa zimetengenezwa Tanzania, na bei yake ya jumla iko chini ya ile iliyonigharimu mimi mpaka mzigo kufika. Kiwanda chenyewe ni cha Wachina, kipo hapahapa nchini. Mzigo niliuuza kwa hasara, deni la kikoba nikalilipa miezi saba.

Mimi niliishia kidato cha nne, uchumi sikusoma. Ila baada ya lile pigo nilianza kufuatilia kitu kimoja: pesa ya China inayotoka nje inakwenda wapi. Wengi wetu tunafuatilia bidhaa tu, pesa hatuiangalii. Kumbe bidhaa huwa zinaifuata pesa.

Tuelewane kwanza

Kampuni ya China ikikuuzia mzigo, hiyo ni biashara ya kawaida. Serikali ikikopa China ijenge reli, huo ni mkopo. TAZARA ilijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa China usio na riba, na SGR ya Kenya kutoka Mombasa mpaka Nairobi nayo ilijengwa zaidi kwa mkopo. Uwekezaji wa moja kwa moja ni kitu kingine: kampuni inaleta mtaji wake, inajenga kiwanda au inanunua hisa kwenye kampuni ya nchi nyingine, na inakuwa na sauti kwenye uendeshaji. Kipimo kinachotumika duniani ni kumiliki angalau asilimia 10. Faida yake, hasara yake.

Halafu kuna hesabu mbili usizichanganye. Moja ni pesa iliyotoka ndani ya mwaka, mfano wa mzigo ulioingiza dukani mwezi huu. Nyingine ni jumla ya uwekezaji wote uliopo nje, mfano wa mali yote iliyopo dukani leo. Takwimu nitakazotaja hapa ni za mwaka kwa mwaka.

Safari yenyewe

China iliruhusu kampuni zake kuwekeza nje mwaka 1979. Kwa miaka mingi pesa iliyotoka ilikuwa kiduchu. Kipindi hicho China ndiyo ilikuwa inapokea wageni, wao ndio wanajengewa viwanda.

Kwenye mwaka 2000 hivi serikali yao ikabadili msimamo, ikaziambia kampuni zitoke nje. Desemba 2001 wakaingia Shirika la Biashara Duniani. Angalia namba: mwaka 2003 zilitoka dola chini ya bilioni 3. Mwaka 2008, karibu bilioni 56. Mwaka 2013 ikavuka bilioni 100, na mwaka huohuo Rais Xi Jinping akatangaza mpango wa Ukanda na Njia. Mwaka 2016 ikafika kama bilioni 196.

Walikuwa wananunua nini? Mwanzoni zaidi ni mafuta na madini, maana viwanda vyao vinahitaji malighafi. Halafu wakahamia kwenye majina na teknolojia. Lenovo ilichukua biashara ya kompyuta za IBM mwaka 2005. Geely ikainunua Volvo mwaka 2010. Mwaka 2016 Haier ikanunua biashara ya majokofu na vifaa vya nyumbani ya General Electric ya Marekani.

Ila pesa ikiwa nyingi, mambo ya sifa nayo yanaingia. Wakanunua mahoteli, kumbi za sinema, mpaka timu za mpira. Suning walichukua hisa nyingi za Inter Milan mwaka huohuo wa 2016. Kule nyumbani akiba ya fedha za kigeni ikashuka kutoka karibu dola trilioni 4 mwaka 2014 mpaka kama trilioni 3 mwanzoni mwa 2017. Serikali ikafunga koki. Mwaka 2017 ikatoa utaratibu wa kubana uwekezaji kwenye hoteli, sinema, burudani na timu za michezo. Mwaka huo pesa iliyotoka ikashuka hadi kama bilioni 158, na 2019 ikawa kama 137. Suning wenyewe waliipoteza Inter mwaka 2024 baada ya kushindwa kulipa mkopo.

Baadaye ikapanda tena. Mwaka 2023 ilikuwa kama bilioni 177. Sababu kubwa sasa ni viwanda. Mishahara ya China imepanda, si ile ya zamani. Tangu 2018 Marekani imeongeza ushuru kwenye bidhaa nyingi za China, kwa hiyo kampuni zinajenga Vietnam, Thailand, Mexico na kwingineko. Japani walipita njia hiyohiyo: baada ya 1985 yeni ilipanda thamani sana, kuzalisha nyumbani kukawa ghali, viwanda vikahamia nchi nyingine za Asia.

Afrika tunapata ngapi?

Kidogo kuliko tunavyodhani. Miaka ya karibuni, katika kila dola 100 zinazotoka China, Afrika haipati hata 5. Zaidi ya nusu inapita Hong Kong, na sehemu yake inaendelea kwenda nchi nyingine au inarudi China kwenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia Wachina wanahamishia kila kitu Afrika, mwambie apunguze chumvi.

Ila hicho kidogo kinatua kwenye bidhaa zetu. Tecno wana kiwanda cha kuunganisha simu Ethiopia tangu 2011. Kiwanda cha vigae cha Wachina kipo Kajiado, Kenya, na kingine kipo Chalinze, hapa Pwani.

Sasa hili ndilo la kushika

Kwa nini vigae na pampasi, na siyo hereni? Piga hesabu ya nauli. Kigae ni kizito, pampasi inajaza kontena haraka, na bei ya kimoja ni ndogo. Nauli inakula faida, kwa hiyo mwenye kiwanda akisogea karibu na mteja anaokoa pesa nyingi. Hereni, kava za simu na kope za bandia ni vidogo na vyepesi, katoni moja inabeba mamia. Nauli kwa kimoja ni sawa na hakuna. Hivyo havina sababu kubwa ya kuhama.

Kabla ya kuagiza, fanya haya:

1. Jiulize, bidhaa hii ni kubwa au nzito kuliko bei yake? Kama ndiyo, kuwa na wasiwasi kwanza.

2. Nenda maduka ya jumla, geuza katoni, soma imetengenezwa wapi. Mimi hili lingeniokoa.

3. Fuatilia habari za viwanda vipya. Kiwanda hakijengwi kwa siku moja, habari zake zinatangulia.

4. Kiwanda kikishafika, usishindane nacho. Nunua kwa mawakala wake.

Namba 4 watu wanaidharau kwa sababu faida ni ndogo. Tufanye una 800,000. Ukiagiza nje unapata asilimia 35, yaani 280,000, lakini pesa imekaa miezi miwili. Ukinunua hapahapa unapata asilimia 8 tu, yaani 64,000. Lakini kama mzigo unaisha kila wiki, kwa wiki nane umepata 512,000. Na bidhaa ikidoda, umedoda na katoni chache, siyo na mzigo wa meli nzima.

Mimi leo pampasi bado nauza. Nazichukua za kiwanda cha hapa, katoni chache kila Jumatatu. Kutoka China naagiza vidogovidogo tu.

Wewe unauza nini? Andika hapo chini, tuangalie pamoja kama kinaweza kuletewa kiwanda. Na kama una mwenzako anayetaka kuagiza mzigo wiki hii, mtumie hii asome kwanza.